Kuongoza Kitengo cha Wanafunzi Wenye Ulemavu ni Kuulinda Muda Wao

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa vitengo vya mahitaji maalumu, washauri wa wanafunzi, wakutubi, wakalimani wa lugha ya alama, viongozi wa serikali za wanafunzi, mabibi na mabwana:

Nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi, na namshukuru mkalimani aliyesimama upande wangu wa kushoto, ambaye hotuba hii anayo tangu jana mchana. Ameisoma, ameniuliza maana ya maneno mawili matatu, na ndiyo maana leo hatalazimika kukimbizana nami. Sikumpa mapema kwa hisani. Ndivyo kazi yake inavyodai, na mengi nitakayoyasema asubuhi hii yanatokana na dai hilo hilo.

Tukiitwa kuzungumzia uongozi wa vitengo vyetu, watu hutarajia tuzungumze habari za huruma. Tunasifiwa kwa uvumilivu na kwa wito, na sifa hizo sizikatai, kwani kazi hii haimfai mtu asiyependa watu. Hata hivyo, nilivyoiona kazi hii kwa miaka yote niliyoifanya, mwanafunzi asiyeona hafeli kwa sababu watumishi wa kitengo hawampendi. Anafeli kwa sababu kitabu kilichojadiliwa darasani wiki ya pili kilimfikia wiki ya tisa, wakati wenzake wameshafanya jaribio lake na wameshalisahau. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kazi kubwa ya kiongozi wa kitengo ni kuulinda muda wa mwanafunzi dhidi ya kila anayeupoteza, awe mhadhiri, ofisi ya ratiba, ofisi ya ununuzi, au sisi wenyewe.

Msingi wa kisheria tunao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikapatikana Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Zanzibar ilikuwa na sheria yake tangu mwaka 2006, na wenzetu wa Kenya walianza na ya mwaka 2003. Ibara ya 24 ya Mkataba inaitaja elimu ya juu waziwazi na kutaka yafanyike marekebisho yatakayomwezesha mtu mwenye ulemavu kusoma sawa na wengine, na Ibara ya 2 inahesabu kunyimwa marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi. Sijakutana na mkuu wa idara anayeyapinga maneno hayo. Ninachokutana nacho ni jalada lililojaa alama za vema: kitabu kimetolewa, kompyuta imetolewa, mkalimani amepatikana. Ukitafuta tarehe ndipo unapogundua kwamba kitabu kilitolewa baada ya mtihani, na mkalimani alianza kazi muhula ukiwa umefika katikati. Kwangu mimi huko ni kunyimwa, hata kama mkaguzi ameridhika.

Naomba niingie nanyi katika chumba cha unukuzi, ambako vitabu hugeuzwa kuwa nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu ambayo wasioona huyasoma kwa vidole, maana wengi wa wakubwa zetu hawajawahi kukifika. Ukurasa wa kawaida wa nukta nundu una mistari kama 25, na kila mstari una nafasi kama 40. Ukizidisha unapata nafasi 1,000, na humo humo zinaingia nafasi tupu kati ya maneno, alama za herufi kubwa na alama za namba. Ukurasa mmoja wa kitabu cha chuo wenye maneno 400 au 500 unazaa kurasa mbili hadi tatu za nukta nundu, na kitabu cha kurasa 300 kinakuwa majuzuu kadhaa yasiyoingia kwenye begi la mgongoni. Wanaotoka nje ya fani hudhani kwamba uchapaji ndio unaochelewesha, wakanunua mashine ya bei kubwa, wakapiga nayo picha. Uchapaji ni sehemu nyepesi. Muda mwingi unakwenda kwenye maandalizi: kitabu kiskaniwe, programu itambue herufi, kisha mtu aketi na kusoma mstari kwa mstari, kwa sababu programu hiyo huona herufi r na n zilizokaribiana ikadhani ni m, huchukua tanbihi ya chini ya ukurasa na kuipachika katikati ya sentensi, na jedwali lenye safu sita hulimwaga chini kama maharage. Hakuna njia ya mkato hapo. Mnukuzi hodari akipewa kitabu kizima wiki moja kabla ya muhula hawezi kukimaliza, na kumkaripia hakuongezi saa katika siku.

Mtihani una masharti makali zaidi. Bahasha huletwa ikiwa imefungwa kwa lakiri, hufunguliwa mbele ya watu wawili, simu zikiwa zimeachwa nje ya mlango. Mmoja anapiga chapa, karatasi inatoka, kisha anaingia mhakiki asiyeona, anayeisoma kwa vidole na kuitamka kwa sauti huku mwenzake anayeona akifuatilia kwenye karatasi ya asili kwa penseli. Hapo ndipo makosa yanapokamatwa. Katika nukta nundu tarakimu hazina sura yake zenyewe. Huazima herufi a hadi j na kutanguliwa na alama ya namba, kwa hiyo alama hiyo ikidondoka, swali lenye "alama 20" linasomeka "alama bj". Mhakiki anasimama na kusema, "Hapa kuna bj," na ukurasa unarudi kuchapwa. Mtu anayeona angeutazama ukurasa ule wa vinundu vyeupe juu ya karatasi nyeupe akaupitisha. Mtihani ukishafanyika, safari inageuka: majibu ya mwanafunzi yananukuliwa kurudi kwenye maandishi ya kawaida ili mhadhiri aweze kuyasahihisha, na mnukuzi hana ruhusa ya kurekebisha hata nukta. Mwanafunzi akikosea tahajia, kosa linabaki. Akiacha sentensi nusu, inabaki nusu. Ninawasisitizia watumishi wapya jambo hili mapema, kwa sababu huruma ikiingia kwenye kidole cha mnukuzi, shahada ya mwanafunzi huyo inakuwa na doa ambalo hakulitaka wala hakulihitaji.

Sasa kazi yote hiyo inawezekana vipi, ikiwa bahasha imeletwa saa kumi jioni na mtihani ni kesho saa mbili asubuhi? Inawezekana kwa watu kukesha, na tumekesha, na vitengo vingine vinajivunia kukesha. Mimi sijivunii. Karatasi iliyohakikiwa saa tisa usiku ina makosa, na anayeyalipia ni mtahiniwa. Dawa yake si kumbembeleza mhadhiri mmoja mmoja kwa simu. Kiongozi wa kitengo asiye na kanuni iliyopitishwa na Seneti hana anachosimamia isipokuwa uhusiano wake mzuri na watu, na uhusiano huo unahama naye siku anapostaafu. Nashauri kila chuo kiwe na kanuni fupi: kozi yenye mwanafunzi anayetumia nukta nundu au maandishi makubwa, mtihani wake ufike kitengoni siku kumi na nne kabla, na jina la kozi iliyochelewa lisomwe katika kikao cha bodi ya kitivo. Ni jambo la aibu kidogo, nakubali. Lakini wahadhiri ni watu wanaojali sana jina lao kusomwa, na aibu hiyo ndogo haina gharama katika bajeti.

Wapo watakaosema kwamba nukta nundu za karatasi zinapitwa na wakati, kwa kuwa wanafunzi wengi sasa wanatumia kompyuta mpakato na programu ya kusoma skrini. Ni kweli kwamba programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na ambayo hutolewa bure, imebadilisha maisha ya wanafunzi wetu kuliko kifaa chochote tulichonunua. Lakini nayo inahitaji kulishwa maandishi. Mhadhiri anayepiga picha kurasa za kitabu kwa simu na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa anaamini ametoa desa kwa wote, ilhali programu ikifika kwenye picha ile haina cha kusoma, na mwanafunzi anabaki kusikia namba ya faili. Na kuna kero nyingine ambayo haizungumzwi sana: wanafunzi wa idara za Kiswahili wanaosoma ushairi wa Kiswahili kwa sauti ya kompyuta iliyotengenezewa Kiingereza, irabu zote zimepinda, mizani imekufa. Ndani ya NVDA ipo sauti ya Kiswahili. Ni kavu, ni ya mashine hasa, lakini inatamka "kheri" ikasikika kheri. Kuibadili ni kazi ya dakika chache, na fundi wa kitengo anapaswa kuifanya siku ya kwanza mwanafunzi anapokabidhiwa kompyuta.

Kwa wanafunzi viziwi, muda unapotea kwa namna nyingine. Mkalimani wa lugha ya alama akifanya kazi peke yake kwa zaidi ya nusu saa, usahihi wake unashuka, ndiyo maana taratibu za fani hii zinataka wawili wapokezane kila baada ya dakika 20 hadi 30. Sisi tunamweka mmoja kwenye mhadhara wa saa mbili, kisha tunamhamishia kwenye semina ya saa inayofuata, na jioni tunamwita kwenye kikao cha serikali ya wanafunzi. Isitoshe, mwanafunzi kiziwi hawezi kumtazama mkalimani na kuandika kwa wakati mmoja. Akishusha macho kwenye daftari, mhadhara umempita. Anahitaji mwandishi wa kumbukumbu, na mwandishi huyo anafaa awe mwanafunzi mwenzake mwenye mwandiko unaosomeka, anayelipwa. Nasema anayelipwa kwa makusudi. Kujitolea ni kuzuri, ila mtu wa kujitolea hukosekana hasa wiki ile ya majaribio, na huwezi kumwajibisha.

Halafu kuna suala la istilahi. Kijana huyu amekua na Lugha ya Alama ya Tanzania, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili cha maandishi, sekondari kwa Kiingereza cha maandishi, na sasa yuko kwenye mhadhara wa uchumi au baiolojia wenye maneno ambayo hayajawahi kupewa ishara. Mkalimani anayatamka kwa vidole herufi moja moja, na neno la herufi kumi na mbili linapoisha, mhadhiri ameshavuka sentensi tatu. Nilichokiona kikifaa ni kumpa mkalimani na mwanafunzi vidokezo vya mhadhara kabla ya wiki kuanza, wakakaa na kukubaliana ishara za muda, wakazirekodi kwa simu. Video hizo zikitunzwa vizuri, mwanafunzi kiziwi wa mwaka unaofuata hataanza sifuri. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kinapaswa kuhusishwa, kwa sababu ishara ni mali ya viziwi wenyewe, na haipendezi mkalimani anayesikia awe ndiye mtungaji wa lugha yao.

Kuhusu majengo nitasema machache, kwa kuwa yameshasemwa sana. Njia za mserereko zinajengwa siku hizi, nyingine zikiwa na mwinuko ambao mtu mwenye kiti mwendo hawezi kuupanda bila kusukumwa, lakini zinajengwa. Jambo linaloweza kurekebishwa wiki hii hii bila saruji ni ratiba. Ofisi ya ratiba ikijua mapema kwamba darasa fulani lina mwanafunzi anayetumia kiti mwendo, inaweza kulipangia ukumbi wa chini, na inaweza kuacha nafasi kati ya kipindi na kipindi, hasa katika vyuo vyetu vilivyojengwa mlimani ambako kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine ni kupanda na kushuka. Tatizo hutokea ukumbi unapobadilishwa saa moja kabla kwa tangazo lililobandikwa mlangoni. Orodha ya kozi hizo ikae kwa mpanga ratiba, na kozi yoyote iliyo katika orodha isihamishwe bila kitengo kujulishwa.

Wanafunzi wenye ualbino wanatupotea kwa sababu wanaonekana kama watu wanaoona. Wengi wao wana uoni hafifu. Ubao wa mbali hawausomi, mwanga wa dirishani unawaumiza, na karatasi ya mtihani ya herufi ndogo inawalazimisha kuinama hadi pua iguse meza. Wanachohitaji ni kiti cha mbele kisichoelekea dirisha, karatasi ya herufi kubwa, na mazoezi ya nje yasiyopangwa saa sita mchana. Mafuta ya kukinga jua yanatengenezwa hapa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi, na zahanati ya chuo inaweza kuwa na akiba yake badala ya kumwachia kila mwanafunzi ajitafutie. Wenye kifafa, wenye selimundu na wenye maradhi ya akili nao hawaji kitengoni kwa sababu hawataki kuhesabiwa, na sidhani tuwalazimishe. Inatosha wajue kwamba wakija, habari zao haziendi kwa mtu mwingine bila ridhaa yao.

Hapo nagusa suala la siri, ambalo katika uongozi wa timu hii ni zito kuliko linavyoonekana. Mkalimani huingia na mwanafunzi kwa daktari, kwa mshauri nasaha, hata kwenye kamati ya nidhamu. Msomaji humsomea mwanafunzi asiyeona barua kutoka nyumbani na ujumbe wa benki. Kwa hiyo watumishi wa kitengo wanajua mambo ambayo hata wazazi hawayajui, na mazungumzo ya kawaida kabisa kwenye chai ya saa nne yanaweza kumvunjia mtu heshima. Kila anayejiunga nasi, awe mwajiriwa, dereva wa bajaji au mwanafunzi anayelipwa kwa saa, atie saini kiapo cha siri, na kiongozi awe wa kwanza kukataa kusikia hadithi zisizohusu kazi.

Waombaji wa mkopo wa elimu ya juu wenye ulemavu tayari wamethibitishwa na Mganga Mkuu wa Mkoa au Wilaya kabla ya kufika chuoni. Tunapowataka tena wathibitishe kwa zahanati ya chuo, kisha kwa idara, kisha kwa msimamizi wa mtihani mlangoni, tunawapotezea wiki na tunawachosha. Cheti kimoja cha kitengo, chenye orodha ya marekebisho anayostahili, kiheshimiwe kila mahali chuoni. Muda wa nyongeza nao uandikwe humo kwa dakika. Baraza la Mitihani la Tanzania, katika mitihani ya shule, limezoea kuwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wanafunzi wetu wameuzoea utaratibu huo tangu shuleni, halafu wanafika chuo kikuu wakakuta nyongeza inategemea kama msimamizi ana haraka ya kwenda kula.

Katika kuajiri, nawasihi wenzangu muwatafute watu wenye ulemavu wenyewe. Mhakiki niliyemweleza ni mfano mmoja wa kazi ambayo mtu anayeona anaifanya vibaya zaidi. Na nchi hii haikosi wasomi wa aina hiyo: Dk. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino, alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma kabla ya kuteuliwa Naibu Waziri mwezi Desemba 2015. Lakini tusiwaajiri kisha tukawageuza kuwa pambo la tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, wakitolewa kuhutubia wageni na kurudishwa kwenye kompyuta isiyo na programu ya kusoma skrini.

Kuna simu ambayo kila mkuu wa kitengo hapa anaijua. Anapiga mtu wa idara na kusema, "Njoo, mtu wako yuko hapa." Mtu wako! Mwanafunzi amedahiliwa na idara, anafundishwa na idara, anahesabiwa katika takwimu za idara, lakini lifti ikiharibika anakuwa wa kitengo. Kiongozi mpya hukimbia kila anapoitwa, na baada ya mihula miwili timu yake imekuwa kikosi cha zimamoto. Mimi hujibu kwa upole kwamba nakuja kuwaonyesha namna ya kufanya, na mara ijayo mtafanya wenyewe. Wapo wanaonuna. Hata hivyo, idara iliyokwisha kujua namna ya kumpa mwanafunzi faili linalosomeka haipigi tena simu hiyo, na mnukuzi wangu anarudi kwenye kitabu chake.

Nimalizie na jambo ambalo haliko ndani ya uwezo wa kitengo kimoja. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, wanafunzi wapya wanafika vuli, na karatasi nzito za nukta nundu hazipatikani kila duka la vifaa vya ofisi, kwa hiyo tunaagiza kwa makisio. Tukubali hivyo, tukisie kwa kutazama waliokuwapo miaka ya nyuma, tusingoje udahili. Kuhusu vitabu, lakini, tunajiumiza bila sababu. Vitabu vya stadi za maendeleo, vya saikolojia ya elimu na vya mbinu za utafiti vinafundishwa karibu kila chuo, na kila kitengo kinaviskani peke yake, kinahakiki peke yake, kinachelewa peke yake. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania na Kenya zimejiunga nao, uliwekwa ili nakala zinazosomeka kwa wasioona, kwa wenye uoni hafifu, na hata kwa yule ambaye mikono yake haiwezi kushika kitabu, ziweze kutengenezwa na kupelekwa kutoka taasisi moja hadi nyingine, hata kuvuka mpaka, bila kumwomba mwenye hakimiliki ruhusa kila mara. Wanasheria wa vyuo vyetu watuandalie masharti ya kuutumia, ili faili lililohakikiwa Tabora lisihakikiwe tena Dodoma na Morogoro.

Nimemkabidhi katibu wa kikao fomu yenye safu nne: jina la kitabu, toleo, aina ya faili, na aliyelihakiki. Naomba kila kitengo kiijaze kabla ya mwisho wa mwezi huu, hata kama mna vitabu vitano tu, na safu ya nne msiiache wazi, kwa sababu faili lisilohakikiwa litatulazimisha kuanza upya. Asanteni.